Asili ya Ukali wa Mbwa

Wazee wa kwetu Muheza walikuwa na methali ambayo aghalabu waliitoa walipotaka kumsuta mtu kwa mwenendo wa wanawe au watumishi wake, nayo ni kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Niliisikia tangu utoto, nikaichukua, kama wengi waichukuavyo, kuwa ni fumbo linalowahusu wanadamu peke yao. Lakini kazi niliyojaaliwa kuifanya umri wangu wote, kazi ya ubwana mifugo, ambayo ilinipitisha katika vijiji vya Muheza, Korogwe na Handeni, na baadaye ikanivusha bahari hadi Pemba, ilinithibitishia kuwa waliotunga maneno yale walikuwa wamemtazama mbwa mwenyewe kwa jicho la insafu, wakaona jambo ambalo sisi, kila tusikiapo kuwa mbwa kamuuma mtu, hatupendi kuliona. Mbwa hazaliwi adui wa watu. Ukali wake una historia, na katika historia hiyo mara nyingi mna mkono wa mtu.

Nyumbani kwetu hapakuwa na mbwa. Sisi ni watu wa madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa kwetu ni najisi ambayo chombo kikipatwa nayo huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Kwa hiyo mtoto wa kwetu alikua akimjua mbwa kwa mbali tu, kwa sauti zilizotoka makondeni usiku wakati wakulima walipofukuza nguruwe mwitu katika mihogo. Walakini kujitenga na najisi si kumbughudhi mnyama, na bibi yangu, mzaa baba, alikuwa hana mzaha katika kupambanua mambo haya mawili. Alitusimulia habari za Watu wa Pangoni, ambao mbwa wao alilala kizingitini amenyoosha miguu yake ya mbele, akatajwa pamoja nao katika Kurani. Na habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamghufiria madhambi yake. Sheria, alituambia, imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda mazao, na kiumbe aliyeruhusiwa kazi ana haki ya ujira wake. Mjukuu aliyemrushia mbwa jiwe mbele ya bibi hakuwa na raha jioni ile.

Mbwa wa kwanza niliyepata kumtazama siku baada ya siku alikuwa wa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na ghala la mbata jirani na kwetu. Wezi walikuwa wamemsumbua, akataka mbwa mkali, na kwa kuwa hakuwa na ilimu ya wanyama alifuata nasaha za watu wa barazani: mtoto wa mbwa akanunuliwa kabla hajaacha ziwa la mamaye, akafungiwa ndani ya kasha la mbao lenye tundu la kupitishia chakula, kwa itikadi kwamba mbwa azoeaye nuru na nyuso za watu huwa mlegevu, uji wake ukatiwa pilipili, na alipotolewa kashani, akiwa sasa ni mbwa wa kimo, alitiwa mnyororo akafungwa kwenye shina la mwembe uliokuwa uani. Jina lake lilikuwa Simba. Urefu wa mnyororo ule ndio uliokuwa mpaka wa dunia yake, na ndani ya duara lile hapakusalia jani hata moja, maana alizunguka tangu alfajiri mpaka magharibi, huku watoto wa mtaa wakimrushia vijiwe na maganda ya machungwa ili waone atakavyoruka na kukabwa na ukosi, jambo ambalo mimi nilizuiliwa nalo na khofu ya bibi yangu zaidi kuliko na wema wangu.

Mchana wateja walipita uani kwenda kupimiwa mbata, naye akiwangurumia. Mwenye mbwa, ambaye alitaka mnyama wake awe mkali usiku na mpole mchana, aliweka fimbo ya mpera kando ya mlango, na kila Simba alipotoa sauti alimchapa nayo mpaka akanyamaza. Haukupita muda mrefu Simba akaacha kunguruma kabisa. Watu wakasema ameadibika, na mwenyewe akajisifu kuwa fimbo haikuharibika bure.

Alasiri moja chungwa la mtoto wa jirani, mvulana ambaye meno ya utoto yalikuwa bado hayajamtoka yote, lilibingirika likaingia ndani ya duara la mwembe, naye akalifuata. Simba hakubweka wala hakunguruma. Alisimama, shingo imekakamaa, akimkodolea macho. Na mtoto, ambaye kwa kimo chake alikabiliana na mnyama uso kwa uso, akanyoosha mkono amsukume. Aliumwa shavuni na begani. Kabla ya magharibi Simba alikuwa amekwisha kuuawa kwa marungu na kufukiwa. Hapana aliyefikiri kumfungia mahali na kumtazama kwa muda wa siku kumi, ambazo mbwa mwenye kichaa, akiisha kuwa na virusi katika mate yake, hazimalizi akiwa mzima. Basi hapakuwa tena na njia ya kujua kama alikuwa na maradhi au hakuwa nayo, na mtoto, juu ya kushonwa uso, akapelekwa Tanga kudungwa zile sindano za zamani zilizochomwa tumboni siku baada ya siku, ambazo waliozipata hawazisahau.

Usiku ule baraza lilijaa. Mmoja alisema mbwa yule alikuwa na asili mbaya. Wa pili akasema aliingiwa na pepo. Wa tatu akamwita mnafiki, kwa kuwa aliuma bila ya kutoa onyo, na neno hili la tatu liliwapendeza wengi. Hapana aliyelitaja kasha, wala pilipili, wala mnyororo, wala ile fimbo ya mpera. Mwaka haukugeuka, mwembe ule ule ukafungiwa mbwa mwingine.

Nilipokwenda kusomea kazi ya mifugo, mwalimu wetu alitufundisha matokeo ya uchunguzi wa wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, waliolea mamia ya mbwa katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine, wakachapisha kitabu chao mwaka 1965. Walibainisha kuwa mtoto wa mbwa ana muhula wake, tangu juma la tatu la maisha yake hadi karibu juma la kumi na mbili, ambao ndani yake hujifunza viumbe gani ni wenzake. Akishikwa, akisemeshwa na kuchezewa na watu wa kila namna, wanawake kwa wanaume, watoto, wazee watembeao na bakora, hao watakuwa jamaa zake mpaka afe. Na akinyimwa watu katika muhula huo, kila mtu kwake atakuwa ni kitisho, na juhudi ya kumgeuza baadaye ni kama kufinyanga upya chungu kilichokwisha kuchomwa. Damu nayo ina sehemu yake, kwani wataalamu wale waliona tofauti kubwa baina ya ukoo na ukoo. Lakini damu humpa mbwa mwelekeo tu, na malezi ndiyo yamfikishayo. Nikamwona Simba mbele ya macho yangu pale pale darasani, maana lile kasha la mbao lilikuwa limeumeza muhula wake wote.

Watu hudhani kuwa mbwa aumaye ni mbwa jasiri. Mimi nimekuta kinyume: wengi mno katika mbwa walioletwa mbele yangu kwa kosa la kuuma walikuwa waoga kupindukia, na meno yao yalikuwa ndiyo silaha ya mwisho ya kiumbe aliyeona kuwa hana pa kwenda. Mnyama aliyeingiwa na khofu maumbile yake humwelekeza kwanza kukimbia. Mnyororo humwondolea njia hiyo, ukuta humwondolea, pembe ya chumba alimosukumiwa na watoto humwondolea, na asiyeweza kukimbia hubakiwa na kuuma. Kwa hiyo mtu afungaye mbwa wake mchana kutwa ili kuwasalimisha majirani hufanya jambo linaloonekana kuwa ni hadhari, ilhali kwa kila siku ya mnyororo humzidishia mbwa khofu na ghadhabu, na siku kiungo cha mnyororo kitakapokatika majirani ndio watakaolipa.

Tena mbwa hatoi hukumu bila ya mashtaka. Kabla hajauma husema, naye husema kwa mwili wake wote: huanza kwa kugeuza uso, kulamba midomo ilhali hapana chakula, na kupiga miayo ilhali hana usingizi, asiposikilizwa hulaza masikio, hufyata mkia, na weupe wa jicho lake hudhihiri pembeni, kisha mwili hukakamaa, manyoya ya mgongo husimama, midomo hupanda juu ya meno, na sauti ya kunguruma hutoka kifuani. Hata mkia unaotikisika si dhamana ya urafiki, kwa maana mkia ulioinuliwa juu ukatikiswa upesi na kwa ukavu ni alama ya mnyama aliyetaharuki. Katika alama zote hizi kunguruma ndiko kulikofanyiwa dhulma kubwa zaidi, maana watu hukuhesabu kuwa ni ufidhuli, nako ni hisani: mbwa angurumaye anaomba aachwe, na anakupa nafasi ya kurudi nyuma ungali mzima. Amchapaye mbwa kwa sababu ya kunguruma haondoi khofu yake wala ghadhabu yake. Huondoa onyo, akayaacha meno. Simba hakuwa mnafiki. Alikuwa amefunzwa kunyamaza kwa fimbo ya mpera, na aliyelipia mafunzo yale ni mtoto mwenye chungwa.

Miaka niliyofanya kazi Handeni ilinionyesha upande wa pili. Katika maboma ya Wamaasai nilikuta mbwa ambao fisi na chui waliwaheshimu, na ambao mgeni aliyekuja gizani asingethubutu kuwakaribia. Lakini mbwa wale hawakujua mnyororo. Walizaliwa penye watu, watoto waliwabeba wangali hawajafumbua macho, walilala pamoja na ndama, na asubuhi walikwenda malishoni na vijana, wakirudi jioni wamechoka kwa kazi waliyoielewa. Nilipofika kuchanja ng'ombe walinijia kwa kubweka, mwenye boma akatamka neno moja, wakatulia, wakanizunguka na kuninusa. Na nilipokwisha keti nilimwona mtoto atambaaye akishika sikio la mmoja wao ili apate kusimama, na mbwa yule, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa tayari kunirarua, akavumilia. Nilimwuliza mzee wa boma ni kitu gani wanachowapa ili wawe wakali kiasi kile, nikitazamia kusikia habari za dawa na pilipili. Alinitazama kwa mshangao. "Mwanangu," akasema, "mbwa huyu ana watu wake, ndiyo maana analinda. Asiye na watu atalinda nini?"

Sisemi kuwa kila mbwa aumaye ameteswa. Jike aliyezaa huuma kwa ajili ya watoto wake, hata akiwa ni mpole wa miaka. Mbwa aliye juu ya mfupa humwuma amnyang'anyaye. Na mtu akimbiaye mbele ya mbwa huamsha ndani yake silika ya kufukuza ambayo ni ya kale kuliko urafiki wake na binadamu, ndiyo maana mtoto afundishwe kusimama tuli, mikono imeshuka, bila ya kumkazia mnyama macho. Maumivu nayo ni sababu ambayo wengi huisahau. Korogwe alinijia mama mmoja mtu mzima, mkono umefungwa kitambaa, akilia si kwa sababu ya jeraha, bali kwa sababu jirani zake walikuwa wamemshauri amwue mbwa wake aliyeitwa Watasema, ambaye, alipokuwa akichanwa manyoya, aligeuka akamng'ata. "Bwana mifugo," aliniambia, "huyu nimemlea mimi, hajapata kunionyesha jino hata siku moja." Nilimtanguliza mama yule hospitali, kisha nikamtazama mbwa, nikakuta sikio la kushoto limejaa kupe na usaha mpaka ndani. Lilisafishwa, likatiwa dawa, naye akafungiwa na kutazamwa siku zake kumi. Baada ya hapo hakumng'ata mtu tena mpaka alipokufa kwa uzee.

Imebaki sababu moja, nayo nimeiweka peke yake kwa kuwa haina uhusiano na malezi wala mateso. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi ambavyo huingia kwa mate ya mnyama katika jeraha, vikapanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka ubongoni, na hapo mbwa aliyekuwa mpole huweza kugeuka akawauma wenyeji wake, mifugo, miti na mawe, au pengine akapooza tu, taya likalegea na mate yakamtiririka, jambo linalowadanganya watu wamtie mkono kinywani wakidhani amekwamwa na mfupa. Nilimwona mkwezi mmoja wa minazi, mtu wa makamo, ambaye aliumwa kidoleni na kijibwa alichokiokota njiani. Jeraha lilikuwa dogo, likapona, akalisahau. Baada ya miezi kama miwili alianza kuogopa maji: kata ikiletwa mdomoni koo lilimbana, mwili ukamtetemeka, na akili yake, ambayo ilikuwa timamu baina ya fazaa moja na nyingine, ilijua yaliyokuwa yakimpata. Hakumaliza juma. Dalili zikiisha kudhihiri hapana dawa ya kutegemewa, si kwetu wala kwa mataifa yenye hospitali kubwa kuliko zetu.

Na huzuni inayonikaa ni kwamba kifo hicho kinazuilika tangu zamani za babu zetu. Julai 6, 1885, mjini Paris, Louis Pasteur aliamuru mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, adungwe chanjo yake, na mtoto yule akaishi. Hata hivyo Shirika la Afya Ulimwenguni linakisia kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Katika watu waumwao na wanyama washukiwao kichaa, 40 kwa kila 100 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Sindano za siku hizi hazichomwi tumboni tena. Ni chache, huchomwa mkononi, nazo huokoa zikitangulia dalili.

Mara nyingi, kichaa kikizuka, nimeona amri zikitolewa kwamba mbwa wapigwe risasi mitaani, na kila mara nimesikitika, kwa kuwa risasi haichagui: huua mbwa aliyechanjwa sawasawa na asiyechanjwa, na nafasi za waliouawa hujazwa upesi na watoto wa mbwa wasio na kinga yoyote. Dawa ya maradhi haya ni kuwachanja mbwa 70 katika kila 100 na kurudia mwaka hata mwaka. Pemba ni shahidi. Tulipokuwa tukipita shehia kwa shehia tukiwachanja mbwa wa kisiwa kile, watu wakituletea kwa kamba na kwa mapakacha, kichaa kilipungua mpaka, kufikia Mei 2014, hakikuonekana tena. Chanjo ikalegea, na mwishoni mwa mwaka 2016 virusi vikaingia upya kutoka nje. Chanjo ikarudishwa kisiwa kizima, na kufikia Oktoba 2018 kichaa kikawa kimetoweka mara ya pili. Waislamu wa Pemba, ambao wengi wao hawafugi mbwa na hujitenga na mate yake kama alivyojitenga bibi yangu, walisaidia kuwashika mbwa wa watu ili wachanjwe, na sikumsikia hata mmoja aliyeona kuwa kufanya hivyo ni kinyume cha dini yake.

Basi wewe usomaye, ikiwa una mbwa au unakusudia kufuga, mwache anyonye mpaka atimize majuma manane, na umkutanishe na watu, watoto na wageni kwa upole kabla muhula wake haujapita. Mfungulie mnyororo umjengee ua. Mpe chakula, maji na kivuli. Usimchape kwa kunguruma, bali utafute alilolingurumia. Na kila mwaka mpeleke kwa bwana mifugo akachanjwe. Watoto wako wafundishe kutomchokoza mbwa aliyefungwa, alaye, alalaye au anyonyeshaye. Na ikiwa mbwa amekuuma, awe wako au wa jirani, mkubwa au kijibwa, jeraha liwe shimo au mkwaruzo, lioshe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda usiopungua dakika 15, mbwa mwenyewe afungiwe atazamwe asiuawe, na wewe nenda hospitali siku hiyo hiyo.